Fungu la Kengele

Watoto wangu wa iniversite, muketi vizuri. Mwenye iko karibu na mulango aufungue kidogo hewa iingie, maana naona wawili kule nyuma wameanza kusinzia na mimi sijasema hata neno. Rekteri wenu ameniomba niwaeleze "faida ya wenye diploma kwa jamii". Ayiwee, maneno mazito vile! Nikamwambia, Bwana Rekteri, mimi jamii siijui, najua kijiji. Akacheka, akasema basi, Papa Zakaria, waeleze kijiji. Njo maana munaniona hapa mbele na fimbo yangu na koti hili lenye linanuka sanduku.

Mimi ni mwana wa Bihambwe, kule kwenye milima ya Masisi. Nilikuwa moniteri, yaani mwalimu wa shule ndogo ya kijiji, tangu wakati wa Wabelgiji mupaka meno ya mbele yaliponitoroka. Siku hizo za mwisho nilikuwa nikisoma imla, kila neno linatoka kinywani kama filimbi, na watoto wanaandika chenye wanapenda wenyewe. Nikajua saa ya kurudi kwenye maharage imefika.

Wakati wetu iniversite haikuwako. Kanisa lilikuwa na shule ya moniteri pale misheni, na kwetu sisi hiyo njo ilikuwa mwisho wa elimu ya dunia. Ukitoka pale na diploma, nyumbani wanachinja mbuzi, na wajomba wenye hawakukusalimia tangu uzaliwe wanaanza kukuita Mwalimu. Halafu mapadri wanakutuma mahali hujawahi kusikia jina lake. Kila mumoja alipewa kengele ya shaba ya mukono, kisanduku cha chaki, na kokwa za avoka ndani ya kitambaa chenye maji. Mukipita leo katika vijiji vya Masisi na Walikale, mukiona miti ya avoka imezeeka kwa mustari ulionyooka, musiulize, pale kulikuwa moniteri. Sisi tulipanda kila kitu kwa mustari. Choo cha kwanza chenye nilichimba, watu walikuja kukitazama siku ya Mungu baada ya sala, wamevaa vizuri, wakaniuliza kwa sauti ya chini nani amekufa.

Moniteri alikuwa mwalimu, mukata nywele, musomaji wa barua za watu, mwimbishaji wa kwaya, na shahidi wa kila ndoa. Muntu akiumwa jino, anakuja kwa moniteri. Mimi nitafanya nini na jino? Lakini unakaa naye, unamupa maji ya chumvi, anaenda akisema mwalimu amenitibu. Mutaona, na ninyi watawafanyia vile. Muntu wa kijiji hajali diploma yako iliandikwa juu ya nini.

Na sikiliza hii, itawasaidia. Chaki ikikwisha, usikae kulia. Chukua muhogo mukavu, uuchonge kama kidole, unaandika vizuri tu. Ubao nao ukipauka, twanga makaa pamoja na majani ya viazi vitamu, usugue, uache ukauke juani. Lakini ule muhogo uufiche. Mimi sikuficha. Niligeukia ubao kuandika hesabu, nikageuka tena, darasa zima lilikuwa linatafuna chaki na kuniangalia kwa heshima.

Mwenye alinifundisha hii kazi aliitwa Mwalimu Petro, mwana wa Ngungu. Yeye alikuwa anatufundisha namna ya kufundisha. Kaputula nyeupe, soksi mupaka magotini, na saa ya mufukoni yenye mukufu. Sikumuona akicheka hata mara moja miaka yote ya shule. Alikuwa na neno lake: "Shule inaweza kukosa ukuta. Inaweza kukosa paa. Lakini shule haiwezi kukosa saa." Siku ya somo langu la majaribio, somo lenyewe lenye lingenipa diploma ao kunirudisha nyumbani, nilichelewa kidogo tu kwa sababu nilikuwa nashona kifungo. Nikakuta mulango umefungwa. Nikabisha. Petro akasema toka ndani, "Darasa limeanza." Basi nilifundisha somo lote nikiwa nje, kichwa changu kwenye dirisha, mvua inaninyeshea mugongo, na yeye ameketi ndani pamoja na watoto, anaandika alama. Alinipa alama nzuri. Toka siku ile saa iliingia katika damu yangu, na karibu iniponze, kama mutakavyosikia.

Mapadri walinituma Walikale, ndani ya pori. Mimi muntu wa milima! Sisi kwetu unasimama mulangoni unaona mupaka kwa jirani wa mulima wa tatu, unajua amepika nini. Kule pori linakushika mabega. Nilikuwa nimetoka kuoa Mapenzi, binti wa kijiji cha Muheto, mwenye kucheka sana na mwenye kichwa kigumu. Alibeba mufuko wa mbegu za maharage kichwani njia yote, kushuka milima, kuvuka mito, na hakukubali muntu mwingine aushike. Nikamwambia Mapenzi, hata kule watu wanakula. Akasema, "Wanakula yao. Hii ni yetu." Alikuwa ananiita Mwalimu akinitania, na Zakaria akikasirika. Njia ile yote niliitwa Zakaria.

Kijiji kilitupokea vizuri. Mukubwa pale alikuwa Papa Biriko, mwenye nyavu za kuwindia. Katika pori mwenye wavu ni muntu mukubwa kuliko mwenye ng'ombe kwetu. Alikuwa mukristu, hakosi sala, lakini kabla ya kuwinda alikuwa akinong'oneza nyavu zake maneno ya babu zake, halafu anafanya alama ya musalaba, halafu anaenda. Nilipomuuliza, akanijibu, "Mwalimu, mimi siachake muntu mwenye anaweza kunisaidia." Muke wake, Mama Anjelani, alimushika Mapenzi kama binti yake, akamufundisha kupika kwa mawese. Watoto walijaa shuleni. Niliona kazi ni nyepesi, na hapo njo muntu anaangukaka.

Kijiji cha pori kinaamushwa na vinu. Kungali na ukungu, wamama wanaanza kutwanga mupunga, du, du, du, nyumba kwa nyumba, na mimi ninajua siku imeanza. Asubuhi moja Mapenzi alisimama mulangoni, mukono kiunoni.

"Mwalimu, leo hakuna mwenye anatwanga. Kuko neno."

"Neno ni saa moja na nusu," nikajibu. Nilikuwa na saa ndogo ya mezani yenye nilinunua kwa sababu ya kumuogopa Petro.

"Hata mbwa wamenyamaza. Uliza kwanza."

"Shule haiwezi kukosa saa," nikamwambia, na sauti yenyewe nilitoa ya Petro. Nikachukua kengele, nikaenda mwisho wa kiwanja, upande wa pori, nikaipiga kama muntu mwenye nyumba yake inaungua.

Hakuna mutoto mwenye alikuja. Nikapiga tena. Katikati ya siku wanaume walitoka porini, nyavu mabegani, mikono mitupu. Hakuna mwenye alinitukana. Walipita, mumoja mumoja, wananiangalia tu. Mugeni iko na macho makubwa lakini haoni, na mimi siku ile macho yangu yalikuwa kama ya bundi.

Jioni Papa Biriko alikuja, akaketi, akakubali maji.

"Mwalimu, kwenu kule milimani munalimaka mutama?"

"Ndiyo, Papa."

"Ndege wakikuja kula mutama, munafanyaka nini?"

"Tunapiga madebe."

"Ukipiga debe, ndege wanakuja ao wanakimbia?"

"Wanakimbia, Papa."

"Aksanti," akasema, akasimama, akaenda zake.

Mama Anjelani njo alimueleza Mapenzi yote. Siku ya nyavu, kijiji kinashika kimya. Hakuna kinu, hakuna kukata kuni, hata mbwa njuga zao za mbao zinajazwa majani zisilie. Wanaume wanatandika nyavu polepole, na zikisimama zote, njo makelele yanaanza, upande wa pili, kufukuza nyama ziingie. Mimi niliwafukuzia nyama kabla nyavu hazijasimama, na kuelekea mbali. Na siku ile haikuwa ya kuwinda hivi hivi. Papa Biriko alikuwa anatafuta nyama ya kumaliza matanga ya mama yake. Wageni walikuwa njiani kutoka ng'ambo ya muto, na muntu mukubwa vile hawezi kuwapa wageni wa mama yake ndizi tupu.

Kesho yake watoto hawakuja. Wala siku yenye ilifuata. Watu walinisalimia, walinipa ndizi, waliniuliza nimelalaje, lakini watoto, hapana. Kule hawagombani na wewe, wanakuacha tu. Niliketi shuleni peke yangu mbele ya viti vya miti, na kengele nikaogopa hata kuigusa. Nilisikia haya mupaka masikioni, na nilisikia uchungu, maana nilikuwa nimeanza kuwapenda watoto wale. Siku moja Mapenzi akaingia, akaketi kiti cha mbele kabisa, akakunja mikono.

"Umekuja kufanya nini?" nikauliza.

"Kuko mwalimu, kuko ubao, nifundishe mimi. Nimechoka kukuona unafundisha nzi."

Basi nikamufundisha. Alikuwa hajui hata herufi moja, maana kwao Muheto wasichana walipelekwa shambani. Alikuwa mwanafunzi musumbufu kuliko wote wenye nimepata. Kila herufi alitaka kujua iko na kazi gani. Lakini alishika haraka, na mimi nilisahau huzuni yangu kidogo.

Halafu muntu mumoja mwenye alitoka upande wa Masisi alituletea habari. Mwalimu Petro amefanywa inspekteri wa shule za misheni, na anakuja kwetu katikati ya juma lenye linakuja. Moniteri walikuwa wachache, vijiji vingi vilikuwa vinalia shule. Ngungu, kwao Petro mwenyewe, walikuwa wamekwisha kujenga, wameweka na viti, wanangojea mwalimu tu. Inspekteri akikuta shule yenye viti vitupu, anaifunga, anahamisha moniteri. Nilijua hesabu hiyo bila ubao. Atakuja, ataona nzi, nitafunga mizigo twende Ngungu, na kijiji cha Papa Biriko hakitapata shule tena mupaka nani anajua. Watoto wale wangebaki vile, na mwenye kuwafungia mulango ningekuwa mimi.

Nilimwambia Mapenzi. Alisimama, akatoa ule mufuko wake wa mbegu, akauweka kichwani.

"Unaenda wapi na mbegu?"

"Wageni wa matanga wamefika. Watakula nini?"

"Mapenzi, zile ni za kupanda!"

"Zakaria," akasema, na mukisikia jina hilo munajua nilinyamaza.

Alipika yote na Mama Anjelani, na mawese, na pilipili, na chumvi yetu ya mwisho. Watu wa ng'ambo walikuwa hawali maharage ya milima kila siku. Walikula, wakalamba majani, wakauliza hii nyama gani haina mufupa. Matanga yakaisha kwa heshima. Na mimi nilikula pia, nikiona kila punje inavyopita, roho inaniuma.

Asubuhi yenye ilifuata Papa Biriko alikuja kuketi mulangoni kwangu.

"Muke yako amelisha wageni wa mama yangu."

"Ni kidogo tu, Papa."

"Kengele yako inafukuza nyama."

"Ndiyo, Papa. Nilikosa. Munisamehe."

"Sijasema ulikosa. Nasema inafukuza." Akajikuna ndevu. "Mbwa wangu wamezeeka, Mwalimu. Wanabweka mara mbili, wanalala. Mimi nilikuwa natafuta kitu cha kufukuza. Kengele haina kosa. Kosa iko mahali ulisimama."

Nilimuangalia. Alikuwa anacheka kwa macho, kinywa kimefungwa.

"Nikisimama mahali pazuri, Papa, na watoto je?"

"Watoto? Watoto wanafuataka makelele. Weye hujui?"

Siku ya nyavu haitangazwi. Yeye Biriko alikuwa anaamuka, ananusa hewa, anasema leo. Nilimuomba Mungu iwe mapema, watoto warudi shuleni kabla Petro hajafika. Na kweli ikawa mapema, siku ya Mungu ikipita tu. Vinu vilinyamaza. Nikajaza majani ndani ya kengele yangu kama njuga ya mbwa, nikafuata wanaume kwa vidole vya miguu. Watoto wote walikuja, na dada zao, na wengine wenye sikuwahi kuona shuleni. Tukazunguka mbali, upande wa juu, mupaka tukasikia mulio wa Biriko kama wa ndege. Nyavu zimesimama.

Nikatoa majani, nikapiga kengele. Sasa lazima kupiga kelele, na watoto walikuwa wananiangalia mimi. Nifanye nini? Mimi makelele ya kuwinda siyajui. Chenye nilijua nilikisema. "Ba!" nikapaza sauti. Wakaitika, "Ba!" "Be!" "Be!" Na hivyo tukashuka ndani ya pori kwa mustari, ndiyo, kwa mustari, kengele inalia, tunapiga vichaka na fimbo, "Ba, be, bi, bo, bu!" Wakimaliza ba tunaingia ma, tukimaliza ma tunaingia ka. Haki ya Mungu, sijapata kufundisha somo lenye lilishika vile.

Kumbe saa ile ile Mwalimu Petro alikuwa anaingia kijijini. Alikuwa amewahi kabla ya siku yake, ni tabia yake. Hakukuta muntu, isipokuwa Mapenzi mwenye alibaki kuangalia moto. Akaangalia shule, viti vitupu. Akatoa saa yake.

"Moniteri iko wapi?"

"Iko na watoto, Mwalimu."

"Watoto wako wapi?"

"Shuleni."

"Shule si hii?"

"Leo shule iko porini," akasema Mapenzi. "Nikupeleke. Lakini viatu uvivue, vinalia."

Haya yote Mapenzi mwenyewe njo alinieleza. Petro hakuvua viatu. Alimufuata na kaputula yake nyeupe, soksi zake, uso kama mulango wa gereza. Wakafika nyuma ya nyavu, mahali wanaume wameinama na mikuki, na Papa Biriko akamuonyesha kwa kidole, inama. Petro hakuinama. Inspekteri anainamia nani? Alisimama pale, saa mukononi, na toka mbali akaanza kusikia kengele. Halafu sauti za watoto, "Ma, me, mi, mo, mu," ndani ya pori, zinakuja, zinakuja. Mapenzi anasema aliona kidevu cha Petro kinatetemeka kidogo, akafikiri ni hasira.

Mboloko, yule swala mudogo wa pori, akatoka kwenye kichaka mbio kama jiwe la manati. Petro akaruka kumupisha, na badala ya kuruka nyuma akaruka mbele. Yesu-Maria-Yosefu! Mboloko na inspekteri wakaingia katika wavu pamoja. Mukuki wa Biriko ukamaliza mboloko. Petro akabaki, miguu juu, soksi moja imeshuka, wavu umemuzunguka mupaka masikio. Ndiyo saa mimi nilitokea na kengele yangu na watoto wote nyuma yangu, tunaimba "Ka, ke, ki," na "ko" ilinifia kooni.

"Nifungueni!" akasema Petro. "Mimi ni inspekteri!"

Papa Biriko akaketi chini mbele yake, polepole, akaegemea mukuki. "Naona. Hii aina nilikuwa sijashika."

Wanaume walianguka chini kwa kucheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

"Muzee, unifungue."

"Nitafungua. Lakini kwetu kuko sheria, babu yangu aliiacha. Kitu chenye kimeingia katika wavu ni cha mwenye wavu. Mboloko ni yangu. Inspekteri ni yangu. Weye muntu wa shule, unapendaka sheria, si vile?"

Petro alipenda sheria kuliko mukate.

"Unataka nini?" akauliza.

Hapo Papa Biriko hakucheka tena. "Nasikia umekuja kutunyang'anya huyu mwalimu umupeleke kwenu. Mwalimu yenyewe ni mujinga wa pori, alinikimbizia nyama ya mama yangu. Lakini sasa tumekwisha kumufundisha. Mukituletea mwingine, tutaanza tena mwanzo. Huyu abaki. Shule ibaki."

"Ngungu wamejenga," akasema Petro kwa sauti ya chini. "Ni wandugu zangu. Wananingojea. Nitawaambia nini?"

Hata mimi nilimuhurumia. Akaangalia watoto kupitia matundu ya wavu, na jicho lake likaanguka kwa mujukuu wa Biriko, Bahati, mutoto mwembamba mwenye fimbo mukononi.

"Weye. Andika pale chini: mboloko."

Bahati aliniangalia. Ulimi nje, akaandika udongoni na fimbo. Herufi moja ililala chali, nyingine iliegemea jirani yake kama mulevi, lakini ilikuwa mboloko. Na kabla hajamaliza, toka nyuma ya wanaume sauti ya muke ikasoma, "Mbo-lo-ko." Ilikuwa Mapenzi wangu. Petro akageuza kichwa kadiri wavu ulivyomuruhusu.

"Na huyu nani alimufundisha?"

"Wakati viti vilikuwa vitupu, Mwalimu," nikasema.

Petro alifumba macho. Nikaona mabega yake yanatingika ndani ya wavu, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka! Mwalimu Petro alikuwa anacheka mupaka machozi. "Sheria ni sheria," akasema. "Nimekamatwa. Shule inabaki. Ngungu nitawapa wa kwanza mwenye atamaliza mwaka huu, hata kama mwenyewe nitamukamata na wavu." Na alifanya vile.

Walipomufungua, alitikisa saa yake, akaiweka sikioni. Ilikuwa imesimama.

"Basi kesho shule inaanza saa ngapi?" akaniuliza.

Mama Anjelani njo alijibu kutoka nyuma: "Tukitwanga."

Sasa, kule nyama inagawanywa kwa haki. Mwenye wavu na fungu lake, mwenye mbwa na lake, mwenye kufukuza na lake. Biriko alipanga yote juu ya majani, halafu akaweka lingine pembeni, zuri, lenye mafuta. "Hii ya kengele," akasema. Nikamwambia Papa, kengele haina kinywa. Akasema, "Iko na watoto." Toka siku ile, kila wakati nyavu zinaenda, fungu la kengele linakuja shuleni, Mapenzi analipika, na watoto wanakula wote, hata wale wenye baba zao hawana wavu wala mbwa. Wenye walikuwa wanakaa nyumbani kwa sababu ya njaa wakaanza kuja. Muniulize sasa faida ya diploma kwa jamii, nitawajibu ile sufuria.

Tulikaa miaka. Kwa mbegu chache zenye Mama Anjelani alificha bila kutuambia, Mapenzi alipanda maharage yake, yakaota vibaya, yakaota tena kidogo. Avoka zilizaa. Miaka ya hamsini ikienda kuisha, mapadri waliniita nirudi milimani, kufundisha Bihambwe kwetu. Kijiji kizima kilitusindikiza mupaka mutoni, na mimi nililia wazi wazi, sioni haya kusema. Kengele nikaiacha kwa moniteri mwenye alinifuata.

Siku moja, tulikuwa tumezoea tena baridi ya Bihambwe, kijana mumoja akasimama mulangoni. Kaputula nyeupe, soksi mupaka magotini. Mapenzi njo alimutambua wa kwanza, akapiga kelele. Alikuwa Bahati. Alikuwa amemaliza shule ya moniteri pale misheni, wamemutuma kwao kijijini, mwaka wake wa kwanza, na sasa alikuwa likizoni. Alitoa furushi la majani, nyama ya kukausha, inanuka moshi wa pori.

"Papa Biriko alilala," akasema. "Alitutoka wakati wa mvua. Lakini alisema fungu la kengele lisikatike, na kama mwenye kengele iko mbali, lazima lipelekwe."

Nililishika lile furushi mikononi kama mutoto muchanga. Mapenzi aliuliza habari za Mama Anjelani, za wote. Mwishowe nikapata swali, la ualimu tu, maana kingine sikuwa nacho.

"Na kengele, Bahati. Wewe unapigaka saa ngapi?"

"Inategemea, Mwalimu," akasema. "Nasikilizaka kwanza."

Mapenzi alimuangalia, akaniangalia mimi. Alichukua furushi mikononi mwangu, akaenda nyuma ya nyumba kumupikia mugeni. Punde si punde nikasikia kinu.